Bibi Thomasine, Mbana Mikono ya Malkia

Waombolezaji wenzetu, majirani wa Thornabby, nanyi waheshimiwa mliotoka kasrini na matope ya siku mbili kwenye viatu, familia imemchagua Grissel, binti wa marehemu, awasomee historia hii, na aliyekuja kusikia sifa tupu asogee karibu na mlango.

Marehemu Bibi Thomasine Hauxwell alizaliwa tarehe 11 Novemba 1530, hapa hapa Thornabby, mtoto wa pekee wa Bwana Ambrose Kettleby na mkewe Bibi Joyce, akabatizwa siku ya tatu, na inasemekana hakulia alipomwagiwa maji, jambo alilolisimulia maisha yake yote kana kwamba ni kazi aliyoifanya.

Mwaka 1540 alipelekwa kulelewa katika nyumba ya wakubwa, kama wapelekwavyo watoto wa watu wetu, akafundishwa kudarizi, kucheza dansi, na kuondoka mbele ya mkubwa kinyumenyume bila kumpa mgongo wala kukanyaga gauni, na katika hilo la mwisho aliwashinda wote.

Tarehe 3 Mei 1551 alifunga ndoa na Bwana Lambert Hauxwell, mtu mpole aliyependa mbwa wake na kunyamaza, wakajaliwa watoto wawili, Grissel mwaka 1552 na Edmund mwaka 1556.

Januari 1559 aliitwa kasrini kumhudumia Malkia, na msije mkadhani alikuwa mshauri wa dola, kazi yake ilikuwa kubana mikono ya gauni, maana mikono ya magauni ya kule haishonwi, hubanwa kwa pini kila asubuhi, naye alipewa mkono wa kushoto, wa kulia ukawa wa Bibi Douce Markenfield, na kwa miaka karibu thelathini wanawake wawili wazima walichukiana kwa ajili ya mkono wa mtu mwingine. Ruhusa ya kwenda nyumbani ilipatikana kwa kupiga magoti na kuomba, ila anayeondoka huacha mkono, na mkono haukosi wa kuudaka.

Tarehe 19 Desemba 1562 ilimfikia barua kwamba Edmund ana homa na anamwita, naye akajibu kuwa ameomba ruhusa, amepiga magoti, amelia, lakini Malkia amekataa, kwa kuwa Mwaka Mpya umekaribia na zawadi zitapokelewa mbele ya wakuu wote. Grissel, wakati huo ana miaka kumi, alimsomea mdogo wake jibu hilo kitandani, mtoto akasema, "Basi Malkia ni mbaya," akageukia ukutani, na tarehe 2 Januari 1563 akafariki. Jana yake mama yake alikuwa amesimama ukumbini, mkono wa kushoto umekaa sawasawa, pini ishirini na mbili, hakuna hata moja iliyoonekana.

Nyumba hii ilimchukia Malkia kimyakimya, Bwana Lambert akafa akimchukia, mpaka mwaka 1569, Grissel naye alipokwenda kutumika kasrini na kumuuliza Bibi Douce habari za siku ile. Bibi Douce alicheka mpaka akakaa chini. "Aombe? Yule? Mwanangu, angepiga magoti tu ningeshika mikono yote miwili kabla hajainuka." Malkia hakukataa, kwa sababu hakuombwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na Grissel aliondoka kasrini wiki hiyo hiyo, asimuulize mama yake neno, wala mama yake asiseme.

Oktoba 1588 marehemu alipooza upande mmoja, akarudishwa hapa na gauni kuukuu la Malkia kama asante, na kesho yake mkono wa kushoto ukapata mwenyewe mwingine. Grissel alimwosha na kumlisha uji, si kwa mapenzi, asije mtu akasema hivyo, ila mtoto hamtupi mzazi hata kama mzazi alitupa.

Asubuhi ya tarehe 9 Februari 1589 baridi ilikuwa kali, Grissel akavaa lile gauni la Malkia, hapakuwa na nguo nzito kuliko hiyo, akaingia chumbani na bakuli. Marehemu aliliona gauni, akajiburuta kutoka kitandani, akapiga goti moja lililobaki na nguvu, akasema kwa nusu ya mdomo, "Mtukufu, nina mtoto anaumwa nyumbani. Naomba niende." Grissel alikuwa na jibu la miaka ishirini, neno "hapana" lilikuwa tayari kwenye ulimi, na alitaka sana kulisema, akasema, "Nenda." Marehemu akaanza kurudi kinyumenyume kwa goti lile moja, akielekea mlangoni, akakataa kushikwa, na hapo kizingitini ndipo pumzi ilipomkatikia.

Familia inamshukuru tabibu Crispin Oldroyd, inawashukuru majirani kwa kuni na mikate, na inamshukuru Bibi Douce, aliyekuja mwenyewe na uzee wake akabana sanda upande wa kulia, kisha akamkabidhi Grissel pini, akisema wa kushoto si wake. Upande huo umebanwa vibaya, mtausamehe.

Mama, ruhusa ulishapewa, usirudi kinyumenyume tena, geuka utazame mbele uendako, mtoto amengoja sana. Pumzika kwa amani.