Magesa na Boti za Visiwani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena! Mchungaji, naomba nishuhudie nimekaa. Siyo dharau. Nimechoka, na sitaki kumdanganya Mungu mbele yenu kwa kurukaruka.

Ndugu zangu, mnamjua kijana wangu Magesa. Ndiye yule mnayemwona asubuhi pale Mwigobero anafagia soko na mwalo wa boti. Aliiba injini ya mtumbwi ya Mama Nyangeta wa Bukima, yeye na wenzake. Injini ilipatikana, wenzake wakakimbia, yeye akakamatwa. Hakimu hakumpeleka gerezani. Alisema atumikie jamii: afagie, azibue mitaro, aripoti kwa afisa wa uangalizi, jioni alale nyumbani. Akikimbia, akikamatwa anakwenda kumalizia ndani.

Mkaniambia, "Mama Magesa, una bahati!" Bahati! Mtoto akifungwa, wanaomlinda ni askari. Akiachwa nyumbani, anayemlinda ni mama. Na boti za visiwani zinapakia palepale anapofagia! Wale wenzake wako hukohuko visiwani, wanamtumia salamu kwa vijana wa boti. Nilikuwaga nakaa kwenye dagaa zangu, mteja ananiuliza bei, mimi macho kwenye boti. Na watu walikuwaga wanatupa maganda pale alipotoka kufagia, makusudi, wanasema, "Mfungwa, umebakiza hapa!" Hata wa kanisa hili. Simtaji mtu. Kila ganda niliona ni nauli ya kumpeleka visiwani.

Nilichoka mpaka nikaomba vibaya. Nilisema, Ee Bwana, si wangemfunga tu na mimi nipumzike?

Sasa asubuhi moja nainua macho, ufagio uko chini, Magesa hayupo. Natazama boti, imeshajaa, na yeye amekaa katikati ya magunia, kofia imefunika uso. Wapendwa, sikuomba kwa maneno siku hiyo. Nilikaa tu chini kwenye mchanga.

Na ndani ya boti hiyo alikuwemo nani? Mama Nyangeta! Tangu kesi nilikuwa simsalimii, kwa kuwa nilijua ndiye anayetaka mwanangu aozee gerezani. Alisimama mbele ya abiria wote.

"Magesa, shuka. Yule afisa wa uangalizi alivyokuja kuniuliza kabla ya hukumu, ni mimi nilisema usifungwe. Nilisema kwenu kuna watu wa kukuangalia. Sasa ukienda, mimi nitakuwa nimesema uongo."

Nahodha alikuwa ameshawasha mashine. Mama Nyangeta akamgeukia, "Zima. Huyu hajamaliza kazi."

Na akazima! Haleluya!

Ndugu zangu, Magesa alishuka. Hakuniangalia. Aliokota ufagio akaendelea pale alipoachia, na mimi nikalia kama niko msibani. Baadaye nilimfuata Mama Nyangeta Bukima kumshukuru. Alinipa kiti, akanipa uji.

Sisemi Magesa amekuwa malaika. Bado ananuna, na kuokoka hajaokoka. Adhabu yake haijaisha. Aliyefunguliwa ni mimi! Nilidhani niko peke yangu kumshika, kumbe Mungu alishaweka mkono wa mtu mwingine, na mkono wenyewe ni wa mama tuliyemwibia. Nani angeweza kupanga hivyo kama si Bwana?

Dada yangu anaumwa kule Butiama. Tangu kesi ianze sijakwenda kumwona, nilikuwa naogopa kumwacha huyu kijana hata asubuhi moja. Kesho naenda. Nitapanda gari saa zilezile boti zinapakia. Bado naogopa, lakini naenda. Magesa namwachia Mungu, na ninyi nawaachia. Mkipita Mwigobero mkamkuta, msitupe ganda. Mwambieni tu, "Magesa, habari za kazi," mwendelee na safari yenu.

Namshukuru Bwana, nawashukuru na ninyi mlionivumilia. Na wewe uliyekaa hapo, mwenye mtu wako kama huyu wangu, usingoje mpaka amalize ndipo umwamini Mungu. Kumwamini baada ya boti kuondoka bila Magesa, hata mimi ningeweza. Mwamini sasa, mashine ikiwa inaunguruma.