Ntambwe Ajifunza Kujikunja

Mwaka ule wa 1993, kampuni ya shaba ilipobaki na king'ora tu, bila kazi, benchi yetu ilikuwa mbele ya lupango, ua wa nyumba ya Mama Fidélie, kwenye kona ya avenue mbili za cité, Kolwezi. Ilikuwa kipande cha mkanda wa mpira uliobeba mawe ya shaba zamani, kimepigiliwa misumari juu ya magogo mawili. Mama Fidélie aliuza kahawa na mikate ya mafuta. Sisi tulinunua kikombe kimoja na kukaa nacho asubuhi nzima. Gracien tulimwita Professeur, kwa sababu miaka kumi na saba alibandika mabango ya usalama kazini. Louis alikuwa Docteur, kwa sababu alisukuma vitanda vya wagonjwa. Mimi, Kabemba, niliyepiga mashine ya kuandika, nilikuwa Secrétaire. Wa nne ni Ntambwe, dereva wa mashine kubwa ya kuchimba, tuliyemwita Poteau, yaani nguzo. Tangu aanguke kwenye ngazi ya mashine yake, mgongo wake haupindi, wala magoti hayakunjiki.

Ntambwe alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Lakini baba yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba, na mwaka ule hilo lilitosha mtu kuambiwa arudi kwao. Jina lake lilikuwa limesomwa kwenye liste ya treni ya Alhamisi, wagoni ya mizigo, watu wamekaa chini magoti kifuani, siku kumi au zaidi. Mtu wa kusimama wima kama mlingoti hakuwa na nafasi humo. Basi sisi, watu wazima tusiokuwa na kazi, tulijipa kazi: kumkunja Ntambwe kabla ya Alhamisi.

Dawa aliileta Louis. Kwenye takataka za nyumba ya injinia mmoja aliyekimbia nchi, aliokota kitabu cha yoga. Kimeandikwa kwa Kiflamani, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, lakini kila ukurasa ulikuwa na picha. Kushoto, mwanamke amejipinda mpaka kisigino kinagusa sikio. Kulia, mwanamke huyo huyo amelala chali, macho amefumba.

Professeur alikichukua, akakitazama kwa heshima, akatangaza kwamba anakijua kabisa. Mabango yake yote ya kazini yalichorwa hivyo: kushoto namna mbaya ya kubeba mzigo, kulia namna nzuri.

— Kushoto ni défendu, banakataza, akasema. Munaona huyu mama vile anaumia? Kulia njo kazi yenyewe.

Hakuna aliyebisha, miaka kumi na saba ya mabango si mchezo. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili nzima, mazoezi ya Ntambwe yalikuwa kulala chali. Tulimlaza kwenye mkeka pembeni ya benchi, Louis akimhesabia pumzi. Alilala vizuri sana, mpaka akakoroma. Wapita njia walivua kofia, wakadhani tuna msiba.

Jumatatu Mama Fidélie alichoka kumruka na birika lake. Alikuwa amewapikia masista wa Kiflamani miaka tisa, kwa hiyo alichukua kitabu, akasoma mistari miwili, akamgeukia Professeur.

— Tata Gracien, fasi ya kushoto njo mazoezi. Ya kulia ni ya kupumuzika kisha mazoezi. Mumemupumuzisha muntu siku mbili, kazi hajaanza.

Professeur alisema basi kitabu kimekosea, siyo yeye.

Kuanzia hapo Mama Fidélie akawa mwalimu. Kitabu, alisema, hakitaki mtu ajitenge kufanya haya mambo. Kinataka uyachanganye na kazi zako za kila siku, tena ucheze, ucheke. Ntambwe akapewa mwiko asonge bukari, ugali wetu, mguu mmoja hewani. Akapewa foleni ya maji asimame huku anazungusha kiuno. Akina mama wa foleni walikataa kumwachia nafasi, kisha wakaanza kuzungusha nao, mpaka ndoo zikamwagika. Nilicheka siku ile mpaka nikakaa chini. Na kumbe goti la kulia la Ntambwe lilipinda kidogo. Kidogo tu, lakini tulipiga makofi.

Jumanne asubuhi tukawa na kiburi, na maneno yakapanda.

— Bahindi banajikunja mpaka banaingia mu malle, mu sanduku ya safari, alisema Louis. Poteau akijua ile, tutamutuma kama mizigo. Hana lazima ya kukaa na bantu.

— Mizigo banaitupa, alisema Ntambwe.

— Tutaandika fragile.

Professeur aliona hiyo ni mipango ya watu wadogo. Yeye alifikiri mbali. Mtu akijikunja kila siku anapungua, na akiendelea kupungua, mwenye kusoma liste atamtafuta hamuoni.

— Ataita Ntambwe, Ntambwe. Hakuna. Treni itaenda. Kesho yake Poteau anakunjuka, anakunywa kahawa hapa.

— Niko na kilo makumi tisa, Professeur.

— Ni mambo ya kujizoeza tu.

Louis akaongeza kwamba mgongo uliokunjika hauna kabila, kwa hiyo hata kwenye barrage, vizuizi vya njiani, hawatajua waulize nini. Mama Fidélie alimwambia anywe kahawa yake kabla haijapoa, na akatuketisha wote chini, Ntambwe tukimshusha kwa mikono, miguu imenyooka, kwa sababu tulikuwa tumefika ukurasa wa mwisho. Hapo hakuna kupinda. Unaweka mikono miwili juu ya tumbo na kusema: minajikubali vile niko, fasi niko.

Louis alilisemea tumbo lake kwa upendo, akaliomba na msamaha kwa mambo ya zamani. Professeur alisema yeye alijikubali tangu zamani, bila kitabu. Ntambwe alianza vizuri, akakwama katikati.

— Vile niko, ndiyo. Fasi niko, ni wapi? Leo niko hapa. Alhamisi niko mu wagoni. Kisha pale, sijui hata jina ya kijiji.

— Sema ya leo tu, tata, alisema Mama Fidélie.

Akasema ya leo. Kisha zamu ikawa yangu, na mimi nikasema kahawa ni ya moto sana. Niseme wazi kwa nini. Tangu Ijumaa nilikuwa na karatasi mfukoni, yenye muhuri, inayonipa nyumba kwenye camp ya kampuni: vyumba vitatu, maji ndani. Nyumba hiyo ni ya Ntambwe. Sikuiomba. Lakini sikuirudisha pia, mke wangu alikuwa ameshapima madirisha kwa ajili ya mapazia, na mimi niliona haya mpaka tumboni, pale pale mikono yangu ilipokuwa.

Ndipo akafika mama mmoja na kifurushi kichwani. Jina lake Agnès, ametoka Dilolo, anatafuta chumba cha kupanga. Aliwakuta wanaume wanne wameketi mavumbini, wameshika matumbo, na hakucheka. Alitusalimu mmoja mmoja, akauliza tunafanya nini, na Mama Fidélie akamweleza: huyu tata anaondoka Alhamisi, tunamfundisha kukaa. Mama Agnès alimpa Ntambwe pole. Kisha akauliza, vile anayetafuta mahali pa kulala angeuliza:

— Sasa, mu nyumba yako, ataingia nani?

Professeur, mwenye jibu la kila kitu, aliangalia viatu vyake. Louis alifungua kitabu kichwa chini, akakisoma. Mama Fidélie alikoroga birika lisilo na sukari. Wote walijua. Kumbe wote walijua, na siku tano nzima tulicheka pamoja.

— Ni mi, nikasema.

Ntambwe alinigeukia polepole, mwili mzima, maana shingo peke yake haikubali.

— Minajua, Secrétaire. Nilikuwa nangoja useme. Ile robinet ya maji mu kikoni, funga ku kushoto. Usiilazimishe, itakuvunjikia.

Nikaitika ndiyo, tata. Yeye akampa Louis mkono mmoja, mimi akanipa wa pili, akatuambia tumwinue, kisha tumshushe tena taratibu, kwa sababu zimebaki siku mbili na goti la kushoto bado linakataa.