Maji ya Bahari, Kaburi la Kabazi

Tuktuk ya kwenda Free Area ilibeba watatu: Nekoye, mama mwenye kabichi, na mwanamume aliyepakata tanki tupu la samaki, la kioo, kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe.

“Boss, samaki wako wapi?” mama akauliza. Nekoye alishukuru, yeye alikuwa ameona haya kuuliza.

“Walikufa, mathe. Walikuwa wa bahari, wa marehemu brother. Sasa huko kwetu Kabazi nitatoa wapi maji ya chumvi? Nikasema nitabadilisha, niweke ya mvua, nifuge samaki wa kawaida.”

“Na hiyo ya chumvi ulimwaga wapi?”

“Kwa kaburi yake. Alipenda bahari sana.”

Mama akaguna. “Na mko na ng'ombe?”

Nekoye, mtoto wa mjini, hakuelewa ng'ombe wameingilia wapi.

“Hapo ndipo shida,” mwanamume akasema. “Walivunja fensi wakaanza kulamba chumvi ya kaburi. Udongo umeshuka mpaka naogopa kuangalia.”

“Mfugaji mzima! Si ungewafungia?”

“Niliwafungia. Lakini leo asubuhi nimepata hii tanki imelambwa. Kwa ndani. Na ilikuwa kwa nyumba, mlango nimefunga.”

“Hiyo ni paka.”

“Hatuna paka, mathe.”

Tuktuk ikasimama. Mama akashuka na kabichi zake bila kuaga. Mwanamume naye akaliweka tanki kitini, akashuka, akageuka. “Dada, nipitishie hiyo kioo.”

Nekoye akaliinua tanki kwenye jua. Katika utando mweupe wa chumvi, alama za ulimi zilipanda kutoka chini hadi ukingoni. Zilikuwa nyembamba, kama za mtu.