Fundi Aminieli, Kitana na Barua ya Onyo

Fundi Aminieli ameitumikia shule yetu miaka thelathini na nne, na Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, anastaafu. Kabla sijaendelea, salamu kwa mama yake, Bibi Ndelilio, shikamoo. Kwa mkewe, Mama Evelyn. Kwa Evelyn mwenyewe na wanawe. Hata kwa ng'ombe wao, maana maziwa yake tumeyanywa sana hapa jikoni. Mimi ni Mama Kindness wa usafi. Nimeombwa niandike maneno ya kumuaga.

Alianza mwaka 1991 akichimba mtaro wa bomba. Tangu hapo ametengeneza vitasa, kengele, hata meno ya bandia ya mwalimu mmoja ambaye simtaji. Pampu ikigoma huiongelesha, "Amka mama, wageni wamefika," nayo inaamka.

Lakini la mwaka 2014 ndilo linaloninyima raha. Mwalimu Eliufoo aliiacha kompyuta wazi, diski inaning'inia kwenye waya. Humo zilikuwa alama zote za kidato cha nne, watoto themanini na wanne, zinatakiwa kesho yake. Mimi nikaona vumbi. Nikaivuta diski nifute chini yake, ikalia ka! Kiplastiki cha pale waya unapochomekwa kikakatika. Nikadhani takataka, nikakizoa, nikakitupa shimoni kwenye maganda ya ndizi. Vikabaki vijipini saba, vyembamba kama nywele, havina pa kuegemea.

Nilimkimbilia Fundi nikilia. Tukafukua shimo, hatukukipata. Akanyoosha mkono, akachomoa kitana nyweleni mwangu. "Leo utachana kwa vidole, mama." Akakata kipande, akakisugua kwa msasa mpaka kikawa chembamba, akakipachika chini ya vile vijipini kwa tone la gundi. Akachomeka waya, akaubana kwa vidole viwili. Kompyuta ikaiona diski! "Nakili mwalimu, mimi sipumui," akamwambia Mwalimu Eliufoo, aliyekuwa amerudi. Dakika arobaini hakusogea, nzi yuko puani. Alama zikatoka zote.

Mkuu wa Shule, Mama Yuditha, alipouliza nani kaivunja, niliinama nikajifanya nafagia. Fundi akasema ni yeye. Akapewa barua ya onyo, ipo kwenye faili lake mpaka leo. Hajanisema hata mara moja. Ila kila Krismasi huniletea kitana kipya.

Fundi, asante baba. Ukae salama Marangu na migomba yako, na asubuhi ulale mpaka jua likuchoke.

Na wewe, Mama Yuditha, karatasi hii nimeiviringishia jani la sale, lile ambalo kwetu mkosaji hulitanguliza akiomba msamaha. Nakuomba uitoe ile barua kwenye faili lake, uiweke kwenye langu. Asiondoke nayo. Naogopa, maana kazi hii ndiyo inayotulisha, lakini nimeshaandika. Nitumie jibu upesi, kabla ya Ijumaa.