Nyumba Iliyoipa Ngome Kisogo

Sogeeni hapa kitandani, Théodul mwanangu na wewe Eulalie mjukuu wangu, maana sauti hii haivuki tena chumba. Nyumba nawaachieni, na kiwanja chake, na mshelisheli wa nyuma; sufuria zigombanieni mkipenda, lakini mlango wa mbele usigeuzwe.

Nimewasikia mkinong'ona na yule bwana wa hoteli, eti nyumba zote zitazame ngome, wageni wapige picha. Wapige! Wapige picha ya choo chetu, maana huo ndio upande tuliowapa wale wa juu ngomeni tangu zamani.

Bibi yangu alizaliwa mizinga ikitazama bahari kuu, ikiwasubiri Wafaransa, na milango ya mji wetu huu wa Anse Rouvel ikitazama mlima wa ngome bila kinyongo. Wafaransa hawakuja tena. Zikaja meli za moshi, yakaja makaa, na askari waliokuwa wakilinda bahari wakateremshwa kulinda lundo la makaa, lisiibwe na sisi wanawake tuliolibeba kichwani. Wenye makaa walipotuletea vikapu vikubwa zaidi tukavitua gatini, tukasema hatubebi, tukasikia magurudumu yakilia kule juu: mzinga mkubwa unageuzwa, polepole, mpaka mdomo wake ukaiacha bahari ukatutazama sisi. Mama yangu, Ma Zélie, vumbi la makaa mpaka kwenye kope, mikono kiunoni, akampazia sauti mlinzi wa lundo:

"We koplo! Adui yako yuko baharini, huku ni mama zako!"

"Amri, mama, ni amri tu."

"Basi aliyekuamuru ashuke abebe kikapu kimoja, tuione shingo yake!"

Gati zima likaangua kicheko, mzinga umetukodolea macho, na hatukunyanyua kitu mpaka vikapu vya zamani viliporudi. Wiki ile ile Mama akang'oa mlango wake akautia upande wa gati, majirani wakafuata, mji mzima ukaipa ngome kisogo. Askari walipohama na tarumbeta zao walichukua hata kengele ya lango, ila mzinga hawakuugeuza. Mpaka leo unakitazama kitanda hiki.

Usinililie, Théodul. Unasema ni chuma kibovu, mbuzi wanakilalia. Najua. Kama ni chuma tu, kinawashinda nini kukigeuza? Waanze wao. Mwambieni huyo bwana, siku mdomo wa mzinga utakapoitazama bahari tena, ndipo mlango wa Ma Zélie utageuka, na Eulalie ndiye atakayeshika nyundo, si fundi wao.

Maji kidogo... Hapo, yatosha. Mnitoe kwa mlango huo huo, na msinipitishe njia ya ngome, hata padri akisema ndiyo fupi. Mungu awape afya, awape watoto, awape... shingo za wabeba makaa. Nimewabariki, wote wawili. Théodul... mlango uko wazi? Uache hivyo. Wale wa juu... waone kisogo tu.