Bi Maswali Anaiacha Orodha ya Mawakili

Baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku kadhaa ambazo amesema tusimhesabie, mtunza orodha ya mawakili katika idara yetu ya mikopo ya nyumba anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wateja walimwita mama. Mameneja walimwita mheshimiwa, hasa wakitaka jambo. Sisi wengine tulimwita Bi Maswali, tena mbele yake, wala hakuwahi kununa. Aliuliza tu jina hilo lilianzishwa na nani.

Aliingia kazini kama mpiga chapa, kwenye dawati lililobanwa kati ya mlango wa stoo na kabati la mafaili. Kazi yake ilikuwa kuchapa barua za mikopo. Wiki ya pili akamwendea mkuu wa idara kutaka kujua kwa nini kila barua inamwambia mnunuzi achague wakili aliyemo kwenye orodha ya benki, na huyo wakili hasa ni wa nani, wa mnunuzi au wa benki? Mkuu akamjibu kuwa ni wa wote wawili. Akauliza tena: na wakigombana? Mkuu aliona njia pekee ya kupata nafasi ya kupumua ni kumkabidhi orodha yenyewe aitunze.

Ilikuwa karatasi mbili zenye majina sitini na ushei, wawili kati yao marehemu. Bi Maswali akavaa viatu vya kutembelea, akaanza kuzipitia ofisi zao moja baada ya nyingine bila miadi. Mbinu yake, kwa kuwa sasa anaondoka, tunaweza kuianika: akishakaribishwa kiti, aliomba kwenda msalani. Haja hakuwa nayo. Alitaka kupita korido nzima aone kama mafaili ya wateja yanakaa kabatini au chini ya sinki. Akirudi alimuuliza wakili swali moja: ukiugua kesho, nani atalishika faili la mteja wangu? Mawakili wenye vyeti ukuta mzima walipata kigugumizi hapo. Mmoja alituandikia barua kulalamika kwamba benki inamtumia mfanyakazi mwenye matatizo ya tumbo.

Wateja walipomuuliza wamchague yupi, hakuruhusiwa kumtaja mtu. Kwa hiyo aliwarushia maswali. Ulipopiga simu alipokea nani? Amekueleza kazi yote atakayoifanya, au amesema tu usijali? Amewahi kushughulikia nyumba za mtaa ule? Mteja alitoka kichwa kinamuwaka, lakini anajua anakokwenda.

Miaka kumi na tano iliyopita walikuja fundi cherehani na mumewe, mchomeleaji wa vyuma. Walikuwa wamepata nyumba ya vyumba vitatu, na muuzaji amewapa wiki mbili, zikipita anamuuzia mwingine. Wakili wao walikuwa naye tayari: mjomba wa yule fundi, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mjomba hakuwamo kwenye orodha. Mimi ndiye niliyewaambia, na nililisema jambo lile vibaya, kama mtu anayefukuza kuku. Yule mama alilia palepale kaunta. Alisema hajui atamwambiaje mzee aliyemlea kwamba benki haimtaki.

Bi Maswali akachukua mkoba, akaenda kwa mjomba siku hiyohiyo. Akaomba msalani. Mafaili yalikuwa safi, kila moja limefungwa utepe wake. Alipouliza swali lake, mzee akajibu kuwa hakuna, kwani alifanya kazi peke yake, na taratibu zetu zinataka ofisi yenye mawakili wawili au zaidi. Bi Maswali akamwambia bila kuzunguka kwamba hawezi kumwingiza. Halafu akauliza jambo ambalo halimo kwenye taratibu zozote: je, angekubali kukaa na mpwa wake, kama mjomba tu, na kusoma kila karatasi atakayoileta wakili wa orodha? Mzee alicheka. Alisema hajawahi kunyimwa kazi na kupewa kazi na mgeni yuleyule kabla chai haijapoa.

Wale wanandoa wakachagua wakili wa orodha, mtu muungwana mwenye ofisi ghorofani na makarani wanne. Karatasi zake zilifika mapema, mihuri yote mahali pake. Nilikuwa nimeshaandaa idhini ya malipo. Zikiwa zimebaki siku mbili, mjomba alichukua ramani ya kiwanja, akaenda nayo kwenye nyumba yenyewe kutafuta mawe ya mpaka. Ramani ilionyesha kiwanja cha pembe tano. Nyumba ilikuwa kwenye kiwanja cha pembe nne. Karatasi zilikuwa halali kabisa, ila zilihusu kiwanja cha nyuma, mali ya muuzaji huyohuyo, ambacho hakikuwa na kitu isipokuwa magugu. Wakili alizikagua zote kwa makini bila kunyanyuka kitini, nami nikazipitisha.

Muuzaji alisema alichanganya bahasha. Bi Maswali mpaka leo anajiuliza. Karatasi sahihi zilipatikana, muda ukaongezwa, nyumba ikanunuliwa. Mimi nilitegemea kukaripiwa, lakini alijilaumu mwenyewe: miaka yote ile alikagua korido za mawakili, na hakuwahi kuwauliza nani anakwenda kukikanyaga kiwanja. Kesho yake swali hilo likaingia kwenye fomu. Barua yetu kwa wateja nayo ikapata sentensi ambayo wakubwa waliifuta mara tatu, naye akaiandika mara nne: njoo na mtu wako wa kusoma nawe.

Mjomba alifariki miaka sita iliyopita, hakuwahi kuingia kwenye orodha yetu. Bi Maswali alikwenda kumzika. Orodha anayoiacha ina ofisi ishirini na saba, zote amezitembelea, na vijana wanne aliowafundisha kazi wanajua kuomba msalani kwa adabu.

Wiki iliyopita yule fundi cherehani alimaliza mkopo, akaja kuchukua hati ya nyumba yake. Bi Maswali alimkabidhi mwenyewe na kumwonyesha pa kutia sahihi ya kupokea. Yule mama hakutia sahihi. Alivuta kiti, akavaa miwani, akaisoma hati yote ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari na foleni ikingoja nyuma yake. Alipofika kwenye ramani akahesabu pembe kwa sauti. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Bi Maswali alisimama kando yake machozi yanamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakuwa na la kuuliza.

Dada yetu, mama yetu, asante kwa kila swali, hata yale tuliyoyakimbia. Tunakuombea afya njema, mapumziko marefu, na majirani wenye subira ya kujibu.