Mama Ola Anastaafu, na Mwanafunzi Wake wa Kumi na Mbili Ndiye Anayeandika

Ijumaa, tarehe 30 Juni, mwalimu wetu wa Kihispania anastaafu baada ya miaka ishirini na saba. Kamati ya kumuaga ilitaka wasifu huu uandikwe na mwalimu wa historia. Nikakataa. Mlinzi wa lango anayajua ya shule kuliko wanaokaa ofisini, na kalamu nikishaishika siiachii.

Alikuja kufundisha jiografia. Kihispania alikileta mwenyewe kutoka masomoni ng'ambo, akapewa stoo ya mafagio iliyo jirani na kibanda changu. Akaisafisha, akabandika vikaratasi kila mahali: mlangoni "puerta", dirishani "ventana", kitini "silla". Siku moja nilifumba macho kidogo tu, nikaamka nina kikaratasi kifuani: "silencio". Nikazunguka nacho mpaka saa nane nikidhani ni cheo, kumbe ni "kimya". Kila asubuhi alinisalimia "hola", na hiyo h haitamkwi, ndiyo maana shule nzima inamwita Mama Ola.

Sasa lile la "goma", maana limesimuliwa vibaya. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nikasikia darasa zima: "Goma! Goma! Goma!" Mlinzi gani mwenye akili zake angekaa? Mgomo huo! Nikafunga lango kwa kufuli mbili, nikapiga kengele ya hatari. Mkuu wa shule akaja mbio na kikombe mkononi, chai yote imebaki njiani. Kumbe kwa Kihispania goma ni raba ya kufutia penseli, na watoto walikuwa wamezinyanyua juu. Mpaka leo nasema masikio yangu hayakukosea. Lugha ndiyo iliyokosea.

Mkuu hakucheka. Alimwambia Mama Ola kwamba somo lake lina watoto kumi na mmoja, na wasipopatikana kumi na wawili wa kufaulu mtihani wa muhula, linafutwa. Mama Ola hakunilaumu hata nusu neno, na hapo ndipo aliponichoma.

"Mwalimu, niandike mimi," nikamwambia.

"Babu, si uliishia darasa la pili?"

"La pili B. Na nilikuwa wa kwanza."

Wiki tisa, kila saa ya chakula, tukakaa stoo. Libro kitabu, lápiz penseli, cuaderno daftari, tiza chaki. Mkono wangu ulizoea kuandika namba za magari tu, naye akaushika akauongoza kama wa mtoto wa chekechea. Nyumbani wajukuu wakawa wananitahini. Mke wangu akadai kwamba usingizini naita "maestra", yaani mwalimu wa kike, akataka kujua huyo maestra ni nani na anakaa wapi.

Mtihani ulikuwa wa kutaja vitu thelathini, kufaulu ni ishirini. Wale kumi na mmoja wakapita. Mimi nikafika kumi na tisa, kikabaki kitu kimoja. Mkuu akagonga meza yake.

"Mesa," nikajibu.

"Mzee, hicho ni Kiswahili!"

"Basi wametuiga."

Mama Ola hakubishana. Alifungua kamusi, akaisukuma mbele ya Mkuu, kidole kimekaa juu ya neno. Mkuu akasoma, akavua miwani, akasoma tena. Ishirini. Somo likabaki.

Hiyo ni miaka sita sasa. Leo Kihispania kina wanafunzi sabini na wanne, na mmoja wa wale kumi na mmoja anashika chaki Jumatatu ijayo. Watu husema Mama Ola ndiye aliyeliokoa somo. Sawa, alisaidia. Lakini kwamba mzee wa darasa la pili ameandika ukurasa huu kwa mkono wake mwenyewe, hiyo ni kazi ya Mama Ola peke yake, wala simgawii mtu sifa hiyo.

Asante, Mwalimu. Upate afya, usingizi mnono wa asubuhi, na wajukuu wenye adabu kuliko wangu. Kuagana kwa Kihispania hukunifundisha, nina maneno ya shule tu. Nimeyapekua yote, nimepata moja linalokufaa: recreo. Ndiyo mapumziko. Toka nje, Mama, ukacheze.